Mbu wa Mchana na Ubongo wa Mtoto Mchanga

Mja mzito wa Pwani akienda kliniki hupewa chandarua na kuhimizwa alale ndani yake kila usiku ili aepukane na malaria. Wosia huo ni mwema na ufuatwe. Lakini yuko mbu mwingine asiyengojea giza. Jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, na huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi. Huyu ndiye anayeeneza dengi, chikungunya na Zika. Kati ya maradhi haya, mawili yamethibitika kuweza kuharibu ubongo wa mtoto, kila moja kwa wakati wake: Zika mtoto akiwa bado tumboni, na chikungunya siku za kuzaliwa.

Zika: hatari ya miezi ya mwanzo

Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, kwenye damu ya tumbili aliyewekwa huko kwa utafiti wa homa ya manjano. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa homa ndogo tu. Mambo yakabadilika mwaka 2015, pale madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazili walipoona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Kirusi hiki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, kikashambulia seli changa ambazo ndizo huzaa seli nyingine za ubongo. Seli hizo zikifa, ubongo haukui, na fuvu nalo hubaki dogo kwa sababu hakuna cha kulisukuma. Mtoto huweza pia kuharibika macho na masikio, kukakamaa viungo au kupatwa na kifafa. Wapo wanaozaliwa na kichwa cha kawaida, dhara likaja kuonekana baadaye.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watoto 100 waliozaliwa na kina mama walioambukizwa Zika wakiwa waja wazito, 5 hadi 15 hupata madhara. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya mwanzo. Mama mwenyewe aghalabu hahisi lolote. Tena Zika huambukizwa kwa kujamiiana pia, kwa hivyo mume aliyerudi kutoka mahali penye mlipuko anatakiwa atumie kinga mpaka mkewe ajifungue.

Chikungunya: hatari ya siku za kujifungua

Sisi watu wa mwambao tunaijua zaidi chikungunya. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa vile mgonjwa hupindana kwa maumivu ya viungo. Mwaka 2004 iliingia Lamu, na uchunguzi wa damu ukaonyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa kisiwa hicho waliambukizwa. Kutoka mwambao wetu ilivuka hadi Komoro, kisha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 iliwapata takriban thuluthi moja ya wakaazi. Mombasa ikapigwa tena mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018.

Ni Réunion madaktari walikofuatilia kwa makini mama na watoto. Walikuta kuwa wengi wa kina mama waliougua mapema na kupona kabla ya uchungu walizaa watoto wazima. Lakini pale mama alipojifungua akiwa na kirusi kwenye damu, karibu nusu ya watoto waliambukizwa, na hata upasuaji haukuwakinga. Watoto hao walizaliwa wakionekana wazima. Baina ya siku ya tatu na ya saba wakashikwa na homa, wakakataa titi, na baadhi yao ubongo ukavimba wakapata degedege. Walipofikia umri wa miaka miwili, karibu nusu ya walioambukizwa walikuwa nyuma katika maungo, lugha au ufahamu, ilhali kwa wasioambukizwa ni kama 15 kwa kila 100.

La kuangalia na la kufanya

Mja mzito mwenye homa, vipele au maumivu ya viungo aende hospitali, asimeze dawa za malaria kwa kukisia. Paracetamol inafaa kwa homa. Aspirini na ibuprofen aziache mpaka daktari ahakikishe si dengi. Akiugua karibu na kujifungua, awaambie wakunga, na mtoto awe chini ya uangalizi kwa wiki nzima. Kunyonyesha kuendelee.

Mtoto aliyepona asiachwe akasahauliwa. Kichwa chake kipimwe kila aendapo kliniki. Asiyeweza kukaa mwenyewe kwa miezi tisa, au kutembea kwa miezi kumi na minane, apelekwe kwa daktari. Hakuna dawa ya kurudisha ubongo ulioharibika, lakini mazoezi ya viungo na ya matamshi yakianza mapema humsaidia sana.

Mbu huyu huzaana kwenye maji masafi yaliyosimama, na kwetu yamejaa. Mifereji ikikauka tunaweka maji kwenye mitungi, madebe, jabia na matenki. Yafunikwe barabara. Kila wiki vyombo visuguliwe kwa ndani, maana mayai hunata ukingoni na huvumilia ukavu kwa miezi. Vifuu, tairi na milizamu ya paa visiachwe na maji. Mja mzito anayejipumzisha mchana naye alale ndani ya chandarua, avae nguo za kumsitiri mikono na miguu, na ajipake dawa ya kufukuza mbu aliyoelekezwa na daktari.

Mwisho, tuache kumnyooshea kidole mama aliyezaa mtoto mwenye ulemavu, eti kafanyiwa kijicho, au ana jini, au kala kitu akiwa na mimba. Mbu hakuzaliana tumboni mwake. Huenda alitoka kwenye pipa la jirani lisilofunikwa, na pipa hilo laweza kuwa langu au lako.