Hambaka

Hambaka ni aina ya pikapu ya gitaa la umeme yenye koili mbili badala ya moja. Pikapu hapa si gari la kubebea mizigo, bali ni kifaa kinachokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa mkondo wa umeme unaopelekwa kwenye amplifaya. Hambaka ilibuniwa ili kuondoa mvumo ambao pikapu ya koili moja huuokota kutoka kwenye nyaya za umeme, transfoma na taa zilizo karibu.

Jinsi inavyofanya kazi

Kila koili ni waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa mara 5,000 hivi. Koili hizo mbili huunganishwa kinyume, na ncha za sumaku zake pia hugeuzwa. Sauti ya nyuzi, inayotegemea sumaku, hugeuzwa mara mbili na hivyo kujumlishwa. Mvumo kutoka nje haujali sumaku, kwa hiyo hugeuzwa mara moja tu, na sehemu kubwa yake hufutika. Afrika ya Mashariki umeme wa gridi hubadilika mara 50 kwa sekunde, na ndiyo maana mvumo huo husikika kama sauti nene ya chini. Ndivyo ilivyo pia Mtwara, ambako umeme huzalishwa kwa gesi asilia ya Mnazi Bay.

Historia

Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson nchini Marekani, aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Magitaa ya Gibson yalianza kufungwa pikapu hizo mwaka 1957, zikiwa na kibandiko kilichosema kwamba hataza imeombwa. Herufi za mwanzo za maneno hayo kwa Kiingereza, PAF, zimebaki kuwa jina la mtindo huo. Ray Butts alibuni pikapu ya namna hiyo kwa ajili ya kampuni ya Gretsch karibu wakati uleule.

Kuchagua hambaka

Katika muziki wa dansi wa Tanzania, kama ule wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz au DDC Mlimani Park, magitaa kadhaa hupigwa kwa pamoja: solo, ridhimu na besi, mara nyingine na solo ya pili. Kila moja linahitaji nafasi yake. Koili mbili hupunguza kidogo ukali wa sauti za juu, kwa hiyo hambaka yenye nguvu nyingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya roki nzito, yaweza kulifanya solo lizame ndani ya ridhimu. Kwa muziki huu hambaka ya nguvu ya wastani, ya mtindo wa PAF, kwa kawaida hufaa zaidi, hata kama dukani ile kali ndiyo inayosifiwa.

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa koili kana kwamba ndio kipimo cha nguvu. Hambaka nyingi za mtindo wa zamani zina kiloomu 7 hadi 9, lakini unene wa waya na aina ya sumaku hubadilisha maana ya tarakimu hiyo. Hata joto huibadilisha: pikapu yenye kiloomu 8.0 kwenye nyuzijoto 20 husoma takriban 8.3 kwenye nyuzijoto 30, bila sauti kuwa na nguvu zaidi. Sumaku za alniko husifiwa kwa ulaini, na zile za kauri kwa makali. Hambaka yenye nyaya nne humruhusu fundi kuweka swichi ya kuzima koili moja. Sauti hung'aa zaidi, ila mvumo hurudi.

Mvumo ambao hambaka haiondoi

Hambaka haitengenezi ukumbi wenye umeme mbovu. Waya wa gitaa uliokatika ndani, au amplifaya isiyo na waya wa ardhi, huendelea kuvuma hata pikapu ikibadilishwa. Hapa si suala la fedha tu. Mwanamuziki anayeshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni iliyounganishwa kwenye chombo kingine anaweza kupigwa na umeme na kufa. Waya wa ardhi upimwe kabla ya kununua pikapu yoyote.

Utunzaji pwani

Hewa ya chumvi huleta kutu kwenye skrubu za pikapu na huweza kuula waya wa koili. Waya ukikatika, mita ya fundi huonyesha kwamba njia haipo kabisa, na kwa kuwa koili mbili kwa kawaida huunganishwa mfululizo, moja ikifa pikapu nzima hunyamaza au hubaki na sauti hafifu. Pikapu nyingi huzamishwa kwenye nta ili zisipige mluzi mbele ya spika kubwa. Nta hiyo yaweza kuyeyuka gitaa likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani.