Mahandaki ya Reli na Kona 57 za Chimala

Rafiki yangu anayeishi Derbyshire, Uingereza, alinitumia picha mwezi uliopita. Ni handaki la reli, ila ndani hakuna reli. Kuna lami, taa ukutani, na mtoto juu ya baiskeli aliyeachama mdomo, nadhani anapiga kelele asikie sauti yake ikirudi. Chini ya picha rafiki yangu aliandika: "Nyie mna mahandaki kibao kule TAZARA. Mtaanza lini kuyapitisha baiskeli?"

Nilicheka. Baadaye swali likagoma kutoka kichwani.

Njia ile inaitwa Monsal Trail. Reli yake ilifungwa mwaka 1968, na mahandaki yakakaa yamezibwa kwa miaka mingi hadi 2011, manne makubwa, kila moja kama mita 400, yalipofunguliwa kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kinachonichekesha ni kwamba mwandishi John Ruskin aliilaani reli ile wazi wazi katika karne ya 19. Kwake, bonde zuri liliharibiwa ili watu wa Buxton na Bakewell wapate kutembeleana upesi. Leo daraja alilolichukia ndilo watu wanalipanga foleni kulipiga picha.

Sisi reli zetu zilizokufa hazikupata maisha ya pili namna hiyo. Chukua ile ya kusini, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga ulioanza 1947. Nachingwea ilitakiwa ilishe Ulaya mafuta ya karanga. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa, na pauni milioni 36 zimekwenda nao. Reli ikaendelea kujikongoja bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Hakuna aliyefikiria njia ya matembezi, na sidhani kama kuna wa kulaumiwa. Nchi changa ilikuwa na mambo mengine. Nikitafuta kwetu kitu cha kufanana na Derbyshire, ninachokiona ni Sigi, kule Amani mkoani Tanga, ambako nyumba ya mkuu wa kituo cha reli ya Wajerumani sasa inapokea wageni wanaokuja kutembea msituni.

Lakini mahandaki ya TAZARA ni habari nyingine, na hapo ndipo rafiki yangu aliponigusa.

Yako zaidi ya 20, na karibu yote yamejazana kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu. Huku Chimala hatuna hata moja. Kwetu reli inapita tambarare ya Usangu, kando ya mpunga. Ila tuna watu walioyachimba. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua kule. Akisimulia madaraja alitamba, lakini akifika kwenye mahandaki sauti ilishuka: maji yanadondoka kutoka juu, tope hadi magotini, zamu ya usiku inaingia wakati ya mchana inatoka, na wewe huwezi kutofautisha. Mchina alishika sururu pembeni yake, wakielewana kwa vidole. Ujenzi ulianza 1970, reli ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Baadhi ya wale Wachina hawakurudi kwao. Wamelala Gongo la Mboto.

Tulifundishwa shuleni kwamba hii ni Reli ya Uhuru, ya kuiokoa shaba ya Zambia isipite kwa Smith wa Rhodesia. Ni kweli. Lakini mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, aliangalia mabehewa yenyewe, akakuta mama mwenye ndizi, kijana mwenye gunia la mchele, na treni fupi ya vituo vidogo ambayo watu waliipa jina la Kipisi. Shaba ilipopungua na malori kuongezeka, hao ndio walioendelea kuitegemea. Mwaka 2014/15 reli nzima ilibeba chini ya tani laki moja, wakati zamani ilivuka milioni.

Kwa hiyo nilimjibu rafiki yangu hivi: handaki huwa la baiskeli baada ya treni kufa, na Derbyshire treni ilipokufa watu walikuwa na mabasi na lami mlangoni. Kule milimani, masika ikishaanza, kuna vijiji ambavyo mlango wao ni stesheni. Mwaka 2025 kampuni ya Kichina, CCECC, ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuifufua reli hii, dola bilioni 1.4. Mimi kwenye mkataba ule nasubiri neno moja tu: Kipisi. Mzigo utabebwa, sina wasiwasi. Mama wa ndizi je?

Akija kunitembelea na baiskeli yake, nitampeleka Kona 57, ile barabara inayopanda kutoka hapa Chimala kwenda Matamba na Kitulo. Kona hamsini na saba, zihesabu mwenyewe, mimi hupotea nikifika thelathini. Malori ya viazi yanashuka yakinuka breki, kwa hiyo akae pembeni.

Nilipanda wiki iliyopita kwa miguu, na mapafu yalinikumbusha umri wangu. Kwenye kona moja nilikaa juu ya jiwe. Usangu yote ilikuwa chini, mashamba ya mpunga yanameta maji, barabara kuu na magari yake kama siafu. Honi ikasikika kabla sijaona kitu. Ilikuwa treni ya mizigo, ndefu, ikitokea upande wa Makambako. Nilianza kuhesabu mabehewa kama tulivyofanya utotoni. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama kupoza injini akaniuliza, "Mzee, hiyo ya abiria?"

"Hapana," nikamwambia. "Ya mizigo." Akapiga kiki, akaendelea kupanda.