Mwali wa Chumvi na Sumaku

Wahenga walisema kwamba mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Michael Faraday alichoka kabla ya kupata. Katika mwaka 1862, hali ni mzee wa miaka sabini, aliweka mwali wa moto baina ya ncha za sumaku mjini London, akachungua kama mistari ya mwanga wake ingegeuka. Haikugeuka, naye akafariki mwaka 1867 bila jawabu.

Mholanzi Pieter Zeeman, wa Chuo Kikuu cha Leiden, alisoma habari hizo akaona kwamba jambo lililomshughulisha bingwa kama Faraday lastahili kurudiwa kwa vyombo bora. Katika mwaka 1896 alilowesha kipande cha asbesto katika maji ya chumvi, akakitia motoni baina ya ncha za sumaku ya umeme, akautazama ule mwanga wa manjano kwa kioo kilichochanjwa maelfu ya mistari kwa kila inchi. Umeme ulipotiwa, mistari miwili ya manjano ilipanuka; ulipokatwa, ikarudi ilivyokuwa.

Mwalimu wake, H. A. Lorentz, alieleza kwamba ndani ya atomu mna chembe yenye umeme, ambayo mwendo wake hubadilishwa na sumaku. Kwa hesabu yake mstari mmoja ungegawanyika mitatu. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1902.

Hata hivyo mistari ya chumvi yenyewe haikuitii hesabu hiyo: mmoja ulitoa minne, wa pili sita. Fumbo hilo liliwatesa wataalamu zaidi ya robo karne. Mwaka 1913 Niels Bohr alionyesha kwamba nishati ya atomu hukaa kwa daraja, mfano wa vidato vya ngazi, na mwanga hutoka elektroni inaposhuka. Basi sumaku hukipasua kidato chenyewe, na kadiri inavyozidi nguvu ndivyo vipande vinavyoachana. Lakini idadi ya vipande haikueleweka hata mwaka 1925, vijana wawili wa Leiden, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, waliposema kwamba elektroni ina hali kama ya pia izungukayo, nayo yenyewe ni sumaku ndogo. Kwa rai hiyo minne na sita zikapata maana yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1908, George Ellery Hale wa Mount Wilson, Marekani, alikwisha kuona mgawanyiko huo huo katika madoa ya jua, akajua kwamba humo mna sumaku kali. Kumbe swali la Faraday halikuwa na kosa. Vyombo vyake ndivyo havikutosha.