Gungu na Haki ya Kuongeza Beti

Msomaji wa pwani alisikiapo neno gungu, hafikirii ziwa. Humjia ngoma ya kale ya waungwana, gungu la kufunda na gungu la kukwaa, na nyimbo zake za mafumbo. Lakini Gungu ni kata pia katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kata hiyo ina ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003. Mfanano wa majina si hoja. Hoja ni kwamba ukurasa ule na ngoma ile vyote viwili ni kazi za watu wengi, na vyote viwili huishi kwa idhini aliyokwisha kupewa mtu ambaye bado hajafika.

Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Fumo Liyongo yumo kifungoni. Mamaye humpelekea mikate. Ile mizuri walinzi huila, na mkate wa wishwa, uliofichwa tupa ndani, humfikia mfungwa. Liyongo huwafunza watu wimbo wa gungu, na usiku wa ngoma kishindo chao kikaufunika mlio wa tupa ikikata pingu. Kisa hiki aghalabu husomwa kuwa sifa za shujaa. Chafaa kusomwa kuwa habari ya utunzi vilevile: sauti ya mtunzi peke yake isingalifunika kitu. Waitikiaji ndio waliomfungua.

Na waitikiaji hawakukoma. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, ni wimbo wa mtu juu ya wimbo wa mtu. Katika takhmisi mtungaji huyachukua maneno ya aliyetangulia, akayaongezea mishororo yake hata kila ubeti ukatimia mitano. Hakuna aliyemwita mwizi. Palikuwa na masharti, ijapokuwa hayakuandikwa popote: wa kwanza atajwe, maneno yake yasichafuliwe, na aliyeongeza asimzuie mwingine kunakili, kuhifadhi kwa moyo wala kujibu. Tenzi nyingi humtaja mtunzi wake katika beti za mwisho. Jina lilikuwa amana, halikuwa komeo.

Matbaa zilipoingia, mambo yalibadilika. Mwaka 1870 Edward Steere alichapa hadithi za Unguja pamoja na mashairi ya Liyongo. Katika ukurasa wa jina la kitabu, wasimulizi ni wenyeji wa Zanzibar, basi. Jina la mtu lililo pale ni la Steere. Haifai kumlaumu kupita kiasi, kwani bila yeye mengi yangalipotea. Lakini kitabu kilitaka mwenyewe mmoja, na sheria zilizokifuata kitabu zilitaka vivyo hivyo. Hasara yake yaonekana katika Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa na Miriam Makeba, ukavuka bahari, huku Adam Salim na Grant Charo nao wakitajwa kuwa watunzi wake. Dunia nzima iliitikia, na nyumbani wakabaki kuulizana ni wa nani.

Tanzania Bara ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999; Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. Chini ya sheria za namna hii, shairi likiisha kuandikwa tu huwa limefungwa, hata kama mtunzi hakuomba lifungwe, na Bara kufuli hudumu miaka 50 baada ya kufa kwake. Anayetaka kuongeza mishororo sharti amtafute mwenyewe, au warithi.

Leseni huria zilizaliwa kutokana na udhia huo. Shirika la Creative Commons liliundwa Marekani mwaka 2001, likatoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. Hazifuti hakimiliki, bali husimama juu yake. Mtunzi hubaki na haki yake, ila hutangaza mapema: chukueni, nakilini, ongezeni, kwa masharti haya. Sharti la kwanza ni kumtaja mtunzi. Mengine huchaguliwa: kazi isibadilishwe, isiuzwe, au atakayeibadilisha aitoe ya kwake kwa idhini ileile aliyopewa. Hili la mwisho ndilo lililochukuliwa na Wikipedia mwaka 2009, na ndilo lililo karibu mno na ada ya takhmisi.

Washairi wengi huvutiwa zaidi na sharti la kutouza, wakikumbuka yaliyoupata wimbo wa Malaika. Ni kinga yenye ila. Kundi la taarabu linalolipwa harusini nalo linafanya biashara. Sharti lile litamfunga mpiga udi wa Ng'ambo kabla ya kumfikia tajiri wa London. Sharti la kurudisha idhini huacha mlango wazi kwa wote wawili, lakini tajiri akiyageuza maneno akatunga yake, naye hawezi kuyafungia. Yafaa tu kujua kwamba leseni ikishatolewa hairudishwi kwa waliokwisha kuipokea, na kwamba mtu hawezi kuitoa juu ya wimbo wa jadi ambao si wake.

Mwaka 2012, kwa mwito wa Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, wasanii wenye asili ya mkoa huo waliimba pamoja Leka Dutigite. Walikuwamo Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti na Linex. Jina la wimbo ni la Kiha, waimbaji ni wengi, na kila mmoja ana kipande chake, gungu hasa. Pasipo leseni wala mkataba wa namna nyingine, watunzi wa kazi kama hiyo huwa wamiliki kwa pamoja, na ile miaka 50 huanza kuhesabiwa afapo wa mwisho wao. Kijana wa kata ya Gungu atakayetaka kuutilia wimbo huo beti zake na kuutoa hadharani hana budi kuanza kwa kutafuta namba za simu.