Faili Badala ya Mtu: Historia Fupi ya Kupanga Kurasa, Dzaleka na Lilongwe

Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi. Chini ya utawala wa Kamuzu Banda walifungwa humo watu waliodhaniwa kuwa wapinzani. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda alipoondolewa kwa kura, eneo hilo likafunguliwa kwa wakimbizi. Leo tunaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na darasani. Swali langu ni dogo: katika miaka hiyo yote, nani aliweza kupanga ukurasa ukachapwa?

Wakati wa Banda kulikuwa na sheria ya udhibiti ya mwaka 1968, lakini naona uhaba wa mitambo ulifanya kazi kubwa kuliko sheria. Kupanga ukurasa kulitaka herufi za risasi, au baadaye mkasi, gundi na fundi mzoefu. Viwanda vilikuwa vichache, kwa hiyo kuvichunga hakukuwa kazi ngumu. Magazeti makubwa, Daily Times na Malawi News, yalikuwa mali ya mtawala mwenyewe. Ndiyo maana waraka wa maaskofu Wakatoliki uliosomwa makanisani tarehe 8 Machi 1992 ni tukio la historia ya uchapaji pia: ulichapwa kwa siri, maelfu ya nakala, katika kiwanda cha kanisa lenyewe. Baada ya hapo karatasi za upinzani zilienea kwa faksi na fotokopi, na polisi wakaanza kuwakamata makarani waliokaa karibu na mashine hizo. Serikali ilikuwa imeelewa kwamba ofisi yoyote sasa ni kiwanda.

Kwingineko mabadiliko yalikuwa yameanza mwaka 1985, PageMaker ya kampuni ya Aldus ilipotoka kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh. Ikiunganishwa na printa ya leza iliyoelewa lugha ya PostScript ya Adobe, iliweka mkasi na gundi ndani ya kioo kimoja. Malawi ilipopiga kura ya maoni tarehe 14 Juni 1993 na kuchagua vyama vingi, magazeti mapya yalichipuka kama uyoga. The Nation lilidumu. Mengi yalikufa upesi.

Lakini kompyuta ilileta mlinzi mwingine, naye ni bei. InDesign ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2013 Adobe ikahamia kwenye malipo ya kila mwezi. Mkimbizi asiye na kadi ya benki hawezi kulipa hata akiwa na fedha mkononi. Kuna watakaosema nakala za wizi zimejaa madukani. Ni kweli, ila huja na virusi, na mwalimu hawezi kuzifundisha hadharani.

Hapo ndipo Scribus inapoingia. Franz Schmid, Mjerumani, aliianza mwaka 2001 kwa ajili ya Linux, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2003. Ni programu huria: hupakuliwa mara moja, kisha huhama kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kuvunja sheria. Ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza za kupanga kurasa kutoa PDF/X-3, na hili ndilo lililonivuta. PDF ya kawaida inaweza kufika kiwandani bila fonti zake, au na rangi za kioo badala ya wino nne za mashine. PDF/X-3 hubeba fonti zote na maelezo ya rangi. Kabla ya kuitoa, Scribus huikagua kazi na kukuonya juu ya picha hafifu, kama zile zilizopitia WhatsApp, au maandishi yaliyofurika nje ya fremu. Milimita 3 za ziada pembezoni, za kukatwa, unaziweka mwenyewe.

Zamani mpangaji alisimama kando ya fundi: hapa herufi imeruka, rekebisha. Sisi hatuwezi kusimama hapo kila tunapotaka. Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi aishi kambini, na Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Lilongwe iko umbali wa kilomita 40 na kitu tu, ila flashi huifikia kwa urahisi kuliko mwenye flashi. Kijitabu cha mashairi cha kurasa 32 nilichokipanga mwaka jana kilikwenda mjini mfukoni mwa abiria wa minibasi. Faili ililazimika kujieleza yenyewe.

Siisifu Scribus kupita kiasi. Kuhariri maandishi marefu ndani yake ni kazi ya kuchosha, na kiwanda kikiomba faili ya InDesign ili kusahihisha neno moja, huna cha kukipa. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea: toleo imara la 1.4 lilitoka mwaka 2012, na la 1.6 likasubiriwa hadi 2024. Tena rangi ya kioo si rangi ya karatasi. Jalada la kijitabu kile, jekundu kwangu, lilirudi kama sampuli likiwa na rangi ya matofali, na minibasi ikabidi iende tena.