Sotoka na Surua

Sotoka ya ng'ombe na surua ya watoto ni magonjwa ya ukoo mmoja. Virusi vyake hufanana sana, hata wataalamu huamini kwamba surua ilitokana na ugonjwa wa ng'ombe hapo zamani za kale, watu walipokwisha kuishi pamoja na mifugo. Lakini sotoka imetoweka duniani, na surua ingali inaua. Yafaa kuuliza kwa nini ng'ombe alitangulia kuokolewa.

Sotoka iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kufika mwaka wa 1891 ilikuwa imekwisha kuwafikia Wamasai. Yakadiriwa kwamba ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Ndui na njaa vikafuata, na Wamasai wakauita wakati ule Emutai, yaani maangamizi. Baada ya hayo hapana mfugaji aliyehitaji kuhubiriwa hatari ya sotoka.

Serikali ya kikoloni nayo iliiogopa, hasa kwa sababu ya ng'ombe wa walowezi. Ilitumia sana karantini. Sehemu za Waafrika zilifungwa, pengine kwa miaka mingi, na mwenye ng'ombe hakuweza kuwapeleka sokoni. Hasara hiyo haionekani mtu anapotaja bei ya chanjo, lakini ililipwa, na aliyeilipa ni mfugaji.

Chanjo iliyo bora ilipatikana hapa hapa Kenya. Huko Muguga, Walter Plowright na mwenzake Ferris walikuza virusi vya sotoka katika seli za figo za ndama, wakavihamisha mara nyingi hata vikapoteza ukali wake. Walitangaza kazi yao mwaka wa 1962. Chanjo ya surua, iliyotengenezwa kwa ufundi wa namna hiyo hiyo, ilipata idhini Marekani mwaka wa 1963. Basi hatuwezi kusema kwamba mnyama alipewa dawa bora kuliko binadamu, wala kwamba dawa ya mtoto ilikuwa ya bei kubwa mno. Zote mbili ni za bei nafuu.

Tofauti iko katika mambo yanayoizunguka sindano. Ng'ombe akichanjwa mara moja hukingwa maisha yake yote. Surua huambukiza upesi mno, hata haina budi watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo ikome kuenea. Tena ng'ombe mgonjwa aweza kuchinjwa, na kundi zima likafungiwa. Nani atamtendea mtoto hivyo?

Hata hivyo, ushindi juu ya sotoka haukuja kwa mteremko. Kampeni kubwa ya Afrika iliyoanza mwaka wa 1962 ilikwisha 1976. Uangalizi ukalegea, na katika miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Ndipo ikatengenezwa chanjo iliyostahimili joto, iliyoweza kukaa siku thelathini bila barafu. Huko Karamoja na kusini mwa Sudan wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, wakaichukua kwa miguu mpaka malishoni. Kwa maoni yangu jambo hilo lilifaa kuliko yote: dawa ilimfuata ng'ombe alipo. Sotoka ya mwisho ilionekana kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka wa 2001, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha.

Mwaka wa 2023 surua iliua watu zaidi ya laki moja duniani, wengi wao watoto wadogo. Chanjo yake ingali yahitaji baridi njia nzima. Kampeni za kuwafuata watoto vijijini zipo, lakini nyingi huja kwa msimu. Siku nyingine ni mama anayeifuata zahanati. Katika Kenya sindano ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Ya pili, iliyoongezwa mwaka wa 2013, hutolewa akiwa na miezi kumi na minane, amekwisha kuwa mzito mgongoni na mara nyingi ana mdogo wake tumboni. Na kwa safari hiyo ya pili, wanaofika ni wachache kuliko wa kwanza.