Mtu akianguka na kuacha kupumua

Jambo hili si geni katika makanisa yetu. Mzee anaanguka katikati ya ibada, watu wanamzunguka, wengine wanapaza sauti kwa maombi, mama mmoja anammwagia maji, vijana wanambeba mbiombio hadi kwenye pikipiki. Hakuna aliyeangalia kama anapumua. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi, na kwa barabara zetu ni wachache wanaofika hospitali kwa dakika 4. Msaada huanza pale pale alipoangukia.

Kuna ndugu wanaoona kwamba kushika mgonjwa ni kupunguza imani. Wasome 2 Wafalme 4: Elisha alimwomba Bwana, kisha akaenda kwa mtoto kwa mwili wake mwenyewe. Mchungaji aombe, ila asimame kando kidogo, kwa maana anayefanya kazi anahitaji nafasi na hewa.

Kabla ya kumgusa, tazama mahali. Kama ameshikwa na umeme, usimguse mpaka jenereta au mkondo uzimwe. Aliyepigwa na radi ni tofauti: mwilini mwake hamna tena umeme, mshike mara moja, ila kama mvua ya radi inaendelea msogeze kwanza ndani ya nyumba. Upande wa Goma na Sake kuna mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mashimoni na mabondeni. Haionekani, na anayeteremka kumtoa mwenzake huanguka juu yake. Usishuke. Na mahali Ebola imetangazwa, mtu mwenye homa au anayetokwa damu asiguswe kwa mikono mitupu. Ita timu ya afya. Beni na Butembo walijifunza hilo kwa machozi kati ya 2018 na 2020.

Mahali pakiwa salama, mpige mabegani na umwite kwa sauti. Asipoitika, tazama kifua chake kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapa wengi wanakosea: mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kufungua kinywa na kuvuta hewa mara moja moja, kwa mkoromo, kama samaki aliyetolewa ziwani. Huko si kupumua. Anza. Lakini kama anapumua vizuri, huenda amezimia au ametoka katika kifafa. Mlaze ubavu na ukae naye.

Tuma mtu mmoja, kwa jina lake, apige simu kituo cha afya na kutafuta gari. Ukisema tu “mtu apige simu”, hakuna atakayepiga.

Mlaze chali chini, juu ya sakafu ngumu, si kwenye godoro. Piga magoti kando yake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kati, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyeza kwa uzito wa mwili wako, kifua kizame sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kipande chote kabla ya kubonyeza tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti. Utachoka upesi, kwa hiyo mwingine akupokee kila dakika 2 bila kupoteza muda. Ubavu ukilia, usiache: ubavu unapona.

Kwa mama, wanaume wengi wanasita kuweka mkono kifuani. Akina mama wazunguke na vitenge kama pazia, na kazi iendelee. Akiwa na mimba kubwa, mtu wa pili asukume tumbo taratibu kuelekea kushoto kwa mama huyo.

Kumpulizia hewa kinywani si lazima kama hukufundishwa au unaogopa ugonjwa. Kubonyeza peke yake kunasaidia. Aliyezama majini ndiye anayehitaji hewa zaidi. Kwake, ukiweza, inua kidevu, ziba pua, pulizia mara 2 mpaka kifua kiinuke, kisha bonyeza 30, pulizia 2, na kuendelea hivyo.

Acha akianza kupumua, mganga akikupokea, mahali pakigeuka hatari, au nguvu zikikuishia kabisa. Wengi hawarudi, hasa tunapokuwa mbali na mashine za hospitali. Familia iambiwe hivyo mapema, na mzee wa kanisa asimame upande wa yule aliyesaidia, maana kwetu aliyekuwa wa mwisho kumgusa marehemu ndiye huanza kunyoshewa kidole. Moyo ulikuwa umesimama kabla hajaweka mkono.